Mnyoo wa Pompeii: jeni moja, sura mbili

Mashariki ya bahari ya Pasifiki, kina cha mita 2,500 hivi, sakafu ya bahari ina nyufa. Maji yanayopenya humo hukutana na miamba ya moto, kisha hufoka yakiwa na joto linaloweza kupita nyuzi 300. Madini yaliyomo huganda, yakajenga dohani ndefu. Pembeni kidogo tu maji ni baridi, nyuzi 2.

Kwenye kuta za dohani hizo anaishi Alvinella pompejana, mnyoo wa Pompeii, ndugu wa mbali wa minyoo ambao wavuvi huwachimba kwa chambo maji yakikupwa. Wafaransa Daniel Desbruyères na Lucien Laubier ndio waliomtambulisha kwa sayansi mwaka 1980.

Mara nyingi utasoma kwamba anaishi kwenye nyuzi 80. Mimi silisemi hilo. Vipimo vya namna hiyo, vilivyotangazwa mwaka 1998, vilichukuliwa ndani ya mrija anaokaa, si mwilini mwake. Mwaka 2013 watafiti waliwaweka minyoo hai kwenye shinikizo kama la huko kilindini, wakawapasha joto: kati ya nyuzi 50 na 55 walikufa. Hata hivyo, kwa mnyama hilo ni joto kubwa sana.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba minyoo hawa hawafanani katika kustahimili joto. Wana kimeng'enya kiitwacho fosfoglukomutasi, kinachosaidia mwili kuweka sukari akiba na kuitoa inapohitajika. Kimeng'enya ni protini, na protini ikizidiwa na joto huharibika umbo, kama ute wa yai kikaangoni. Jeni inayokitengeneza ina aleli kadhaa, yaani sura tofauti za jeni ileile, na mbili kati ya hizo wataalamu wameziita 90 na 100. Kimeng'enya cha 90 huhimili joto kuliko cha 100. Protini hii ni mlolongo wa mamia ya amino asidi, lakini tofauti hiyo inatokana na mabadiliko ya sehemu mbili tu.

Sasa, kama 90 ni imara hivyo, mbona haijaifuta 100? Jibu liko kwenye dohani zenyewe. Dohani changa ni kali kwa joto, na huko aleli 90 huonekana kwa wingi zaidi. Dohani ikizeeka hupoa, na hapo uimara ule hauna faida tena. 100 nayo hupata nafasi yake. Kila mara dohani mpya huchomoza mahali fulani na nyingine kufa, kwa hiyo hakuna aleli inayoshinda moja kwa moja. Hali hiyo wanasayansi huiita uteuzi wa kusawazisha. Ukipima minyoo wa dohani moja tu, basi, unaweza kudhani umeijua spishi nzima, kumbe umejua umri wa dohani.

Na watoto? Kijusi kikiwa kwenye maji ya nyuzi 2 husimama kukua, kikaweza kuchukuliwa na mkondo, kisha kikaendelea kukua kikifika penye joto. Kitatua kwenye dohani changa au kongwe, hakuna ajuaye. Mama mwenye nakala ya 90 na ya 100 huyagawia mayai yake: haya 90, yale 100.