Pengo la kinga: kwa nini mtoto wa mbwa aliyechanjwa bado anaugua parvo

Ukienda kununua mtoto wa mbwa Kasarani au Ruai, jijini Nairobi, swali la kwanza huwa, "Amedungwa?" Muuzaji anafungua kitabu cha chanjo, anakuonyesha stika moja ya wiki ya sita, nawe unalipa. Siku 5 baadaye mtoto amelala kando ya bakuli, pua karibu iguse maji, na hanywi. Kuharisha damu kunafuata. Ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa.

Huenda hakuna aliyekudanganya. Mtoto alikuwa kwenye pengo la kinga.

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Huipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, anaponyonya siku ya kwanza. Kingamwili hizo za mama, yaani protini za damu zinazopigana na magonjwa, hupungua kwa nusu kila baada ya siku 10 hivi. Zikiwa nyingi humkinga na parvo, lakini huizima chanjo pia, kwa kuwa chanjo yenyewe ni kirusi kilichodhoofishwa. Kisha hufika kiwango kibaya: haziwezi tena kuzuia kirusi cha nje, ila bado zinatosha kuizima chanjo. Hilo ndilo pengo. Aliyenyonya vizuri hulifikia akiwa amechelewa. Yule mdogo anayesukumwa na ndugu zake hulifikia mapema. Kwa sababu hiyo dozi hurudiwa kila wiki 2 hadi 4, mpaka wiki ya 16 au zaidi.

Banda la kuzalishia lina hatari zaidi, maana watoto wa majike wawili watatu huwa pengoni pamoja. Aliyeambukizwa huanza kutoa kirusi kwenye kinyesi kabla hajaonekana mgonjwa, na kirusi hukaa udongoni miezi mingi. Huingia na viatu vya mteja aliyezunguka mabanda matatu Jumamosi moja. Dawa nyingi za sakafu hazikiui. Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hukiua, lakini zoa kinyesi na uoshe sakafu kwanza.

Vipimo viwili huchanganywa sana. Cha kinyesi hutafuta kirusi chenyewe. Kikitoka hasi kwa mtoto anayetapika, usimrudishe kwa wenzake, huenda kirusi kimo ila kipimo hakikukiona. Cha damu hutafuta kingamwili. Kwa mtoto mchanga huonyesha za mama tu. Kifanywe wiki 4 au zaidi baada ya dozi ya mwisho, ndipo utajua kama chanjo imeshika.

Namsihi kila mfugaji: mbwa mgeni atengwe siku 14, na mnunuzi aambiwe kwa mdomo tarehe ya dozi inayofuata kabla hajampakia mtoto garini.