Michoro ya Kolo, majabali ya Dodoma: tunayoamini na yaliyo kweli

Tangu Serikali ihamie Dodoma na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, viwanja vinapanda hadi ubavuni mwa vilima, na kokoto zinatafutwa kwenye majabali. Ukiwauliza watu kwa nini hakuna anayeyatetea, wala anayeitetea michoro ya kale iliyo kwenye miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, utajibiwa kwa maneno ambayo mengi si kweli.

"Ile michoro ni alama za Wajerumani, chini yake wamefukia mali."

Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu wanaoliamini hawaishii kusema, wanachukua sururu. Michoro ya Kondoa ilichorwa na wawindaji na wachuma matunda pori, kisha wakulima na wafugaji, kwa muda usiopungua miaka 2,000. Wajerumani walifika bara mwishoni mwa karne ya 19. Alama zao zingekuwaje hapo kabla yao? Shimo linalochimbwa chini ya mwamba halitoi dhahabu. Linavuruga tabaka za udongo zenye majivu, mifupa na zana za mawe, na zikishachanganyika hakuna mtaalamu atakayeweza tena kujua umri wake. (Na wanaomwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha za simu, tafadhali waache. Maji yanaichakaza rangi.)

"UNESCO wameshaichukua, wao ndio walinzi."

Kondoa iliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo hilo lina kilomita za mraba 2,336, na ndani yake kuna vijiji, mashamba na malisho. Nani alime wapi, mchanga uchotwe wapi, hayaamuliwi Paris, makao makuu ya UNESCO. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaandaliwa na halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani na watu wazima wa hapohapo. Mwamba wenye michoro usipoonyeshwa kwenye ramani ya mpango huo, anayekuja kugawa maeneo baadaye ataona jiwe tu.

"Mpango ukija, tutafukuzwa."

Hofu hii ina mizizi. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mifugo iliondolewa kwenye ardhi ya Kondoa iliyokuwa imemomonyoka vibaya, na wazee wanakumbuka. Siwezi kumwambia mzee kama huyo kwamba anaogopa bure. Lakini kulinda si lazima kuwe kuondoa watu. Mongomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro, bado panafanyiwa matambiko, na mila hizo hai ni sehemu ya sababu zilizoifanya Kondoa itambuliwe. Mpango unaweza kuruhusu tambiko na mizinga ya nyuki, ukakataza kulipua mawe na kukata miti inayokinga michoro dhidi ya vumbi na upepo. Yapi yabaki na yapi yakatazwe, yanasemwa mkutanoni. Mkutano ukiwa na viti vitupu, wachache wataamua.

"Jengo likishakuwa la zamani, sheria inalilinda."

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Reli ya kati na majengo yake ya enzi za Wajerumani vilikuja baada ya hapo, kwa hiyo vinahitaji kutangazwa rasmi. Tembe za Wagogo nazo, zile nyumba za paa bapa la udongo, nyingi ni za karne ya 20. Bila tangazo hilo, au bila kutajwa kwenye mpango wa mji, tingatinga haivunji sheria yoyote ya mambo ya kale.

"Nina hati, nitajenga nipendavyo."

Ardhi ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Hati inakupa haki ya kuitumia kwa masharti, na sharti la urefu wa jengo mbele ya kilima linaweza kuwekwa. Liwekwe kabla viwanja havijauzwa: hapo hakuna wa kulipwa fidia wala nyumba ya kubomoa. Jabali la granaiti la hapa lina zaidi ya miaka bilioni 2, na likishakuwa kokoto halirudi.

Unapoishi kijijini, nenda ofisi ya kijiji uombe kuonyeshwa ramani ya mpango. Ukiwa mjini, waulize maofisa mipangomiji wa halmashauri. Tafuta kilima chako humo, usome kimeandikiwa matumizi gani.