Koki iliyopasuka usiku: kugema mepo katika baridi ya Machi

Msimu wangu wa pili wa kugema mepo, mti ambao utomvu wake mtamu huchemshwa kuwa shira, hapa Vermont, Marekani, jioni moja nilifunga koki ya tangi, nikaenda kulala nikijiona fundi. Usiku baridi ilifika nyuzi 12 chini ya sifuri. Asubuhi koki ilikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na jua lilipoyeyusha barafu iliyouziba, utomvu wa siku nzima ukaishia kwenye theluji. Lita 40 hivi za utomvu ndizo hutoa lita moja ya shira, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Mgema mgeni hudhani baridi ni adui. La. Usiku mti ukiganda, huvuta maji kutoka ardhini. Mchana joto likipanda juu ya sifuri, msukumo wa ndani huutoa utomvu kwenye tundu tulilotoboa. Bila usiku wa kuganda hakuna kazi. (Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema kwetu, huku kazi yote ni kuyatoa.) Na sukari ya asilimia 2 haisaidii kitu: utomvu huo huganda karibu sawa na maji ya kawaida, na ukiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Ndiyo maana mimi sihangaiki kupasha vyombo joto. Nahangaika visibaki na kitu ndani. Bomba tupu halipasuki.

Turudi kwenye koki. Ile ya mkono wa kugeuza robo duara ina tufe lenye tundu katikati. Ukiifunga, utomvu uliomo kwenye tundu unanaswa, hauna pa kutanukia. Siku hizi jioni namaliza tangi kwanza, nasafirisha utomvu wote hadi kibanda cha kuchemshia, halafu naiacha koki nusu wazi, mkono ukiwa umelala mshazari. Pampu nazo zina plagi ndogo (kizibo cha kumwagia utomvu uliobaki) chini ya tumbo. Ifungue, ining'inize kwa kamba palepale, maana ukiitia mfukoni asubuhi hutaiona.

Pampu ya kuzamisha ina ujanja wake. Juu ya mdomo wake, ndani ya tangi, toboa tundu la milimita 3 kwenye bomba la kupandishia. Ukizima umeme, utomvu uliomo bombani hurudi wenyewe tangini. Utapoteza nguvu kidogo tu. Lakini kama kuna vali ya kuzuia maji yasirudi, tundu liwe juu ya vali hiyo, la sivyo umetoboa bure.

Msituni, tatizo ni mipira iliyolegea, ile inayoleta utomvu kutoka mitini ikiwa imeshikiliwa na waya. Waya ukilala, mpira hufanya tumbo, tumbo hushika utomvu, na asubuhi hapo pana kizibo cha barafu huku miti ya juu yake imeshaanza kutiririsha. Mteremko usiwe chini ya sentimita 2 kwa kila mita. Na pampu ya kuvuta hewa, inayonyonya utomvu kupitia mipira hiyo, usiizime mapema kwa sababu ya uchoyo wa umeme. Iache ivute mpaka matone yakome, mipira ikauke.

Wengi huweka taa ya joto, kama ile ya kulelea vifaranga, juu ya chombo kinachopokea utomvu kutoka kwenye mipira, kisigande. Mimi siipendi: plastiki hupinda, na kibanda kina mbao kila upande. Kulanti ya gari, ile ya kuzuia maji ya injini yasigande, ndiyo usiiguse kabisa, ni sumu. Mashine ya utando, inayopunguza maji kwenye utomvu kabla ya kuuchemsha, ikae chumba chenye joto wakati wote, kwani utando ulioganda haurudi.

Kwa wanaotumia ndoo: ukikuta barafu juu na utomvu chini, mimina utomvu, barafu itupe. Sukari nyingi imebaki kwenye kimiminika, na kuni za kuchemshia maji matupu nani anazo? Ila ndoo iliyoganda yote iache juani iyeyuke. Ukiigonga kwa nyundo, mshono wa chini hufunguka, nawe utajua mchana, ikianza kudondosha kwenye buti zako.