Bermuda haijaishinda sayansi

Kwenye vibanda vya video vya Kampala, na kwenye simu za vijana wa boda wanaosubiri abiria, Pembetatu ya Bermuda, eneo la bahari ya Atlantiki linalosemwa kumeza meli na ndege, husimuliwa kana kwamba wanasayansi wamenyoosha mikono. Si kweli. Hata jina halikutoka kwa mabaharia. Lilivuma kuanzia mwaka 1964, Vincent Gaddis alipoandika makala katika Argosy, jarida la Marekani la visa vya kusisimua. Mwaka 1974 Charles Berlitz akatoa kitabu juu ya pembetatu hiyo, kikauza mamilioni ya nakala.

Mkutubi mmoja, Larry Kusche, akafanya jambo ambalo yeyote angeweza: alifungua magazeti ya siku za ajali zenyewe. Akakuta dhoruba ambazo wasimulizi walizificha, na vyombo vilivyopatwa na ajali mbali kabisa, kimoja hata Pasifiki! Matokeo yake yalichapishwa 1975. Biashara haikutikisika; wauza visa waliendelea na fumbo lao, maana msomaji akishaambiwa "ilikuwa dhoruba" hana sababu ya kununua toleo lijalo.

Kwetu Uganda, mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, husimuliwa kuwa kazi ya Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi, waliotoweka ghafla. Simulizi hizo zina heshima yake. Lakini wanaakiolojia walichimba pale mwaka 1960 na kupata vigae vya vyungu na mifupa mingi ya ng'ombe: dalili za wafugaji wenye utawala uliojipanga. Mimi ningelipa kiingilio kusikia habari za hao wafugaji.