Balbu za Taa Kubwa kwa Safari za Ukunguni: Mwanga Mkali Sio Jibu

Kuanzia Juni hadi Agosti, madereva wanaopita Mufindi, Makambako na Njombe nchini Tanzania alfajiri hukutana na ukungu unaoweza kuacha mita chache tu za barabara zikionekana, na wenzao wa Kenya wanaufahamu vilevile katika kipande cha Limuru, Kimende na Kinale. Majira hayo ndipo maswali kuhusu balbu za taa kubwa huongezeka, na mengi huanza na ombi moja: balbu yenye mwanga mkali zaidi. Ombi hilo linaeleweka, lakini ndilo linalompeleka mnunuzi kwenye chaguo baya, kwa sababu tatizo la ukungu si uchache wa mwanga, bali ni mwanga unaomrudia machoni yule yule aliyeuwasha.

Ukungu ni matone madogo sana ya maji yanayoelea hewani, na kila tone linapopigwa na mwanga huutawanya pande zote, ikiwemo kule ulikotoka. Mwanga unaopita usawa wa macho ya dereva hulijaza eneo lote analotazamia, ndiyo maana anayewasha taa za juu ndani ya ukungu huona ukuta mweupe mbele yake. Mwanga unaopita chini, karibu na lami, huacha hewa ya juu ikiwa na giza, na kupitia giza hilo dereva huweza kuona ukingo wa barabara na mstari wa katikati. Swali la kumuuliza muuza spea, basi, si balbu ipi ina nguvu, bali ni ipi itakayoacha mwanga ubaki chini ya mpaka uliowekwa na aliyeitengeneza taa.

Magari mengi madogo yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani hutumia balbu za halojeni, yaani zenye uzi unaowaka ndani ya gesi, na H4 ni miongoni mwa zilizozoeleka zaidi. Ndani ya H4 kuna nyuzi mbili, mmoja wa taa za juu wenye wati 60 na mwingine wa taa za chini wenye wati 55. Chini ya uzi wa pili kumewekwa kikombe kidogo cha chuma kinachozuia nusu ya mwanga usifike kwenye kiakisi (sehemu inayong'aa nyuma ya balbu na kurusha mwanga mbele), na kikombe hicho ndicho kinachochora mpaka kati ya mwanga na giza unaouona ukielekeza taa ukutani. Kiakisi kimehesabiwa kwa uzi uliokaa mahali pale pale, kwa urefu ule ule, hivyo uzi ukisogea hata milimita moja mchoro wa mwanga hubadilika.

Hapo ndipo penye kasoro ya balbu nyingi za LED zinazouzwa ili zichomekwe mahali pa halojeni. Chembe zake za mwanga zimebandikwa kwenye pande mbili za kipande bapa, hazikai kama uzi, na balbu ikifungwa kwa kuzungushwa kidogo tu mpaka ule huvurugika na mwanga ukapanda juu. Usiku mkavu dereva hufurahi kwa kuwa kila kitu kimeng'aa, ingawa anayekuja mbele yake hafurahi hata kidogo, lakini ndani ya ukungu mwanga huo uliopanda ndio unaomfanya asione. Haya hayahusu taa zilizoundwa kiwandani kwa ajili ya LED tangu mwanzo, kwani hizo zina lenzi na viakisi vyake. Ujerumani iliruhusu balbu za LED za kubadilishia halojeni mwaka 2020, lakini kwa aina zilizopimwa na kwa magari yaliyoorodheshwa tu, jambo linaloonyesha kuwa balbu hiyo hiyo inaweza kufaa katika taa moja na kuharibu nyingine. Vifaa vya zenoni, ambavyo hutoa mwanga kwa cheche ya umeme ndani ya gesi badala ya uzi, vikifungwa ndani ya taa ya halojeni ni vibaya zaidi, na sioni mazingira yoyote ya kuvipendekeza.

Kuhusu rangi, pakiti nyingi hutangaza kelvini 6000 au hata 8000 kana kwamba namba kubwa ni sifa. Kelvini haipimi wingi wa mwanga, hupima rangi yake: halojeni ya kawaida huwa karibu na 3200, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea ubuluu. Halojeni ya buluu hupata rangi hiyo kwa kupakwa utando unaozuia sehemu ya mwanga, kwa hiyo mnunuzi hulipa zaidi ili apate mwanga pungufu. Mwanga wa buluu pia huyaumiza macho zaidi unaporudishwa na ukungu.

Je, wa njano hupenya? Ufaransa ilitumia taa kubwa za njano tangu miaka ya 1930 hadi 1993, na imani kwamba rangi hiyo hupenya ukungu imeenea sana. Kwa kweli matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganishwa na mawimbi ya mwanga, hivyo huzitawanya rangi zote karibu sawasawa. Faida ya njano, ikiwepo, ni kupunguza usumbufu wa macho. Kwenye taa za ukungu haina ubaya, na kanuni za Umoja wa Mataifa za vifaa vya magari huiruhusu hapo sambamba na nyeupe.

Wapo wanaonunua H4 za wati 100 kwa 90. Waya, soketi na swichi za gari dogo hazikuandaliwa kwa mzigo huo, na mara nyingi soketi huyeyuka kabla balbu haijaungua. Ikiwa taa zako zimefifia, pima kwanza volti kwenye soketi injini ikiwa inawaka, kwa kuwa mwanga wa halojeni huporomoka haraka kuliko umeme wenyewe: upungufu wa asilimia 5 ya volti hupunguza mwanga kwa takriban asilimia 16. Waya wa hasi uliopata kutu au alteneta (mashine inayochaji betri) dhaifu vinaweza kukunyima mwanga ambao balbu mpya haitaurudisha, na lenzi ya plastiki iliyogeuka njano hutawanya mwanga hovyo hata balbu iwe nzuri kiasi gani.

Unaponunua, tafuta alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, hakikisha aina ya balbu ni ile iliyoandikwa kwenye taa au kitabu cha gari, na badilisha zote mbili kwa pamoja. Usishike kioo cha halojeni kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi husababisha sehemu hiyo ipate joto kupita kiasi. Baada ya kufunga, egesha gari kwenye sakafu tambarare mita 5 kutoka ukutani, weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa, na mpaka wa mwanga wa taa za chini uwe kama sentimita 5 chini ya alama hiyo. Gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia huinua mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja, na hilo halitibiwi kwa balbu, ila kwa kubadilisha taa nzima.

Taa za ukungu za mbele hufungwa chini, kati ya sentimita 25 na 80 kutoka ardhini kwa magari madogo, ili mwanga wake mpana upite chini ya macho ya dereva. Zitumie pamoja na taa za chini, na uzime zote za ukungu, hasa ile nyekundu ya nyuma, mara barabara inapoonekana vizuri, kwa sababu ukali wake humchanganya anayekufuata asitambue unapokanyaga breki.