Bahari ya Bagamoyo haiipi mbingu rangi yake

"Mbingu ni ya buluu kwa sababu inaakisi bahari." Nimekua nikiisikia hiyo pwani, na shuleni niliijibu nikapewa tiki.

Sasa njoo Bagamoyo wakati wa masika. Mto Ruvu ukimwaga tope, maji ya ufukweni yanakuwa kama chai ya maziwa, lakini mvua ikikatika tu, juu ni buluu tupu. Na Dodoma je, kuna bahari gani?

Ukweli ni kwamba mwanga wa jua umebeba rangi zote. Ukikutana na molekuli za hewa, yaani naitrojeni na oksijeni, hutawanyika kila upande, ila rangi hazitawanyiki sawa. Buluu, yenye wimbi fupi la nanomita 450 hivi (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), hutawanyika karibu mara 6 kuliko nyekundu ya nanomita 700. Ndiyo maana kokote utakakoinua macho, buluu inakufikia. Hesabu hiyo aliitoa mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza mwaka 1871. Yeye naye aliamini kwamba buluu ya bahari kuu ni ya mbingu iliyoakisiwa tu. Mwaka 1921 mwanafizikia C. V. Raman wa India, akiwa melini, alitumia kipande cha fuwele kuzima mng'ao wa juu ya maji, na buluu akaiona bado ipo. Maji hufyonza wekundu, na yenyewe hutawanya mwanga.

Wengine husema jua la alfajiri ni jekundu kwa kuwa bado halijapata nguvu. Jua ni lilelile. Likichomoza huku kwetu baharini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi ya mara 30 kuliko adhuhuri, na buluu huishia njiani.

Tena wapo wanaodhani moshi wa buluu na wa kahawia hutoka kwenye kuni tofauti. Simama sokoni, kwenye majiko ya wakaanga samaki. Moshi mwembamba ukipita mbele ya ukuta wenye masizi, ni wa buluu: unaona mwanga uliotawanywa. Ukivuka paa ukawa mbele ya anga angavu, moshi uleule unageuka kahawia, kwa sababu sasa unaona mwanga uliokwisha kupungukiwa buluu. Pembeni, mvuke wa sufuria ya supu ya pweza ni mweupe kama wingu. Matone yake ni makubwa mno kuchagua rangi, hutawanya zote.