Maswali kuhusu chai: mmea, mwili na mazingira

Je, chai nyeusi na chai ya kijani hutokana na mimea tofauti?

Hapana. Zote hutokana na Camellia sinensis, mmea unaopenda mvua nyingi na udongo wenye asidi. Tofauti huanzia kiwandani: majani ya chai nyeusi hunyaushwa, huvurugwa na kuachwa yabadilike rangi kwa hewa kabla ya kukaushwa, ilhali ya kijani hupitishwa mapema kwenye joto ili mabadiliko hayo yazuiwe.

Ni kweli kwamba chai hupunguza damu?

Haipunguzi damu moja kwa moja. Tanini, yaani viambato vinavyoipa chai ukakasi, hushikamana na madini ya chuma yanayotoka kwenye nafaka, maharagwe na mboga za majani, hivyo mwili hufyonza kiasi kidogo tu cha madini hayo. Chuma cha nyama huathirika kwa kiwango kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya anayekula vyakula mchanganyiko, jambo hili halina uzito mkubwa. Lakini mjamzito, mtoto mdogo au mtu aliyekwisha kuambiwa ana upungufu wa damu hafai kuteremshia chakula kwa chai. Ni afadhali angoje angalau saa moja baada ya mlo. Vidonge vya kuongeza damu navyo vimezwe kwa maji, kwani kuvimeza kwa chai ni kupoteza sehemu ya dawa.

Kafeini je?

Kikombe cha chai nyeusi huwa na takriban miligramu 40 hadi 50. Mwaka 2015, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba miligramu 400 kwa siku, kutoka vyanzo vyote, hazimdhuru mtu mzima mwenye afya; kwa mjamzito kiwango ni 200.

Je, kunywa chai ikiwa moto sana kuna madhara?

Ndiyo, na hapa kosa si la jani. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, hasa ya umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni. Dakika chache za kusubiri zinatosha.

Kilimo chake huathirije mazingira?

Kichaka cha chai huishi miongo mingi na hufunika udongo vizuri, ila mashamba mapya mara nyingi yamechukua nafasi ya misitu, na mbolea ya naitrojeni huzidisha asidi ya udongo. Ukaushaji nao hutumia kuni nyingi katika viwanda visivyo na nishati nyingine. Mnywaji pia ana sehemu yake: kuchemsha birika zima kwa ajili ya kikombe kimoja ni upotevu wa nishati.